Bwana Bridges na Jiwe la Kijani

Ndugu msomaji, wahenga walisema si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Mimi naongeza kwamba si vyote visivyong'aa ni takataka. Jambo hili nimejifunza kwa gharama, tena gharama yenyewe sitaijua kamwe.

Kwetu ni upande wa Mwatate, ukitoka Voi kwa ile barabara ya kwenda Taveta. Tangu nikiwa darasa la tano nina kopo langu la mawe. Wakati wa likizo nilichunga mbuzi wa babu karibu na mashimo yaliyoachwa na wachimbaji, nami nikiokota kila nilichokipenda katika vifusi. Nilipenda zaidi yale mawe meupe yanayopitisha mwanga, yenye pande sita na ncha kama penseli iliyochongwa. Mwalimu wetu wa jiografia ndiye aliyenipa jina lake: kwatsi. Akanionyesha kuwa kwatsi hukwaruza kioo cha chupa, lakini chupa haiwezi kulikwaruza. Siku hiyo nilirudi bwenini nikijiona mwanasayansi kamili!

Lakini kulikuwa na mawe mengine pale, ya mviringo, yenye ganda baya la kijivu kama viazi vilivyokauka. Hayo sikuyatia koponi hata siku moja. Nilikuwa nikiwarushia mbuzi.

Basi mwaka huu chama chetu kilipotutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyeishi huku kwetu, wenzangu wengi walikimbilia wanasiasa. Mimi nilimchagua Campbell Bridges. Mjomba wangu, ambaye amechimba mawe tangu ujana wake, hakufurahi hata kidogo. Kwake yeye huyo alikuwa mzungu aliyekuja kujichukulia mali yetu, basi. Nilimsikiliza kwa adabu, kisha nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Bridges alizaliwa mwaka 1937 huko Uskoti, akalelewa kusini mwa Afrika na kusomea jiolojia, yaani elimu ya miamba. Mwaka 1961 alikuwa kazini katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Siku moja akiwa porini, hamadi! Nyati huyo, anamjia mbio. Bridges akajitupa korongoni kuokoa roho yake. Alipokuwa amejibanza mle akingoja nyati aondoke, aliona kitu cha kijani kikimeta kwenye mwamba. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kwenda zake. Yeye aliutazama ule mwamba vizuri, akautia akilini.

Miaka sita baadaye, mwaka 1967, alikuwa Tanzania, mahali paitwapo Lemshuku, katika nyika ya Simanjiro. Akakuta miamba ya aina ile ile aliyoiona siku ya nyati. Akapekua, akaokota mawe ya mviringo kama viazi. Alipoyapasua, ndani mlikuwa na kijani cha ajabu. Niliposoma hapo, ndugu msomaji, nilifunga kitabu kwanza. Niliwakumbuka mbuzi wa babu.

Jiwe lile ni jamii ya ganeti. Ganeti nyingi watu wanazozijua ni nyekundu, lakini hii ina chembe za madini ya vanadi, na mara nyingine kromi, na hizo ndizo zinazoipa rangi ya kijani. Hupatikana katika miamba ya kale sana iliyopikwa na joto na kubanwa chini ya ardhi, hasa ile yenye grafiti, kitu kile kile cheusi kilichomo katika penseli yako. Mwamba mweusi unaochafua mikono ndio unaoficha jiwe la kijani. Nani angedhani?

Serikali ya Tanzania haikumpa ruhusa ya kusafirisha mawe yale nje. Hapo ndipo Bridges alipotumia kichwa. Alijua kuwa mpaka wa Kenya na Tanzania ulichorwa na watu kwenye karatasi, miamba haina habari nao. Ukanda ule wa miamba unaendelea kaskazini kuja huku kwetu. Akavuka, akatembea katika vichaka vya Taita, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akalipata tena jiwe lake, safari hii katika ardhi ya Kenya. Akapewa kibali cha kuchimba.

Maisha yake porini si mchezo. Alikuwa akilala katika nyumba aliyoijenga juu ya mti, kwa kuogopa simba na wanyama wengine. Inasimuliwa pia kwamba mawe yake aliyahifadhi ndani ya sanduku pamoja na chatu, ili mwizi akitia mkono akutane na mwenye nyumba! Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani ililitangaza jiwe hilo duniani. Likapewa jina la tsavorite, kutokana na Tsavo yetu hii. Wanawake wa New York wakavaa jina la nyika yetu vidoleni, huku sisi tuliokulia hapa tukiliita grini tu.

Lakini mali bila amani ni mzigo. Katika miaka yake ya mwisho kulikuwa na mvutano wa muda mrefu kuhusu nani ana haki ya kuchimba katika eneo lake. Tarehe 11 Agosti 2009, Bridges alikuwa garini pamoja na mwanawe na wafanyakazi wao Wakenya walipovamiwa na kundi la watu wenye silaha za jadi. Bridges akauawa, akiwa na umri wa miaka 71. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani watu wanne, kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 40.

Nilimsomea mjomba sehemu hiyo jioni moja. Alinyamaza kwa muda. Kisha akanisimulia jambo ambalo hajawahi kunisimulia. Wakati wa ukame, nyumbani hakuna unga, alipata jiwe la kijani lenye ukubwa wa punje ya hindi. Broka mmoja akalimulika kwa tochi, akatikisa kichwa, akasema lina nyufa na halifai. Mjomba akauza kwa bei ya gunia la mahindi. Hadi leo hajui kama lilikuwa na nyufa kweli. Hakuwa na tochi, wala hakujua cha kutazama.

Hapo nikaelewa hasira yake. Watu wanachimba kwa sururu na kamba, shimo linaweza kuwafukia wakati wowote, na faida inakwenda kwa anayejua. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kumwaga damu hakukumrudishia mtu yeyote hata punje moja, na aliyekufa hakuwa mwizi wa elimu yake. Aliitafuta kwa miguu.

Tena sheria imebadilika kidogo. Katiba ya 2010 inasema madini ni mali ya umma. Sheria ya Madini ya 2016 inawatambua wachimbaji wadogo na kuwapa vibali, na inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali penyewe. Na hapa Voi tuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta, ambako uhandisi wa migodi unafundishwa. Asiyejua kusoma sheria wala mwamba atabaki kuuza kwa gunia la mahindi.

Kwa hiyo wenzangu, nawasihi tusikimbie masomo ya sayansi na jiografia tukidhani ni ya kupitia mtihani tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na akiinama awe na macho ya kuona. Msiingie katika mashimo yaliyoachwa. Mengi hayana nguzo.

Likizo iliyopita nilirudi malishoni. Nilizunguka siku nzima nikitafuta vile viazi vyangu vya kijivu. Nilipata kimoja. Sijakipasua bado. Mjomba amesema tutakipasua pamoja, lakini kwanza nimfundishe namna ya kutazama kwa tochi.