Elijah Masinde na Moto Aliotishwa Nao



Wiki hii namzungumzia mtu ambaye hapa Pwani hatumtaji sana, ijapokuwa Lamu yetu iliwahi kuwa kifungo chake. Ni Elijah Masinde wa Bungoma, aliyefariki mwaka 1987. Habari zake nilizipata mbali na Lamu na mbali na Bungoma. Nilizipata Eldas, kule Wajir.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na diploma yangu ya ualimu mkononi. Eldas ni nchi ya vumbi, visima na ngamia, na usiku wake una kiza kizito. Nyumba nilikaa na mwalimu mwenzangu, Mbukusu, aliyelelewa kanisani tangu kuzaliwa. Alikuwa ameacha kanisa miaka miwili nyuma, na Uislamu hakuuingia. Mchana alikuwa mcheshi. Usiku alikuwa akishtuka usingizini, jasho likimtoka, kwa kuuota moto aliohadithiwa utotoni. Akili yake ilikwisha kuuacha ule moto, lakini moyo ulikuwa bado unaungua.

Wallahi nitasema kweli. Mimi niliona hiyo ni nafasi. Nikaanza kumwelezea Jahannam ya kwetu, nikidhani hofu ile ile itamsukuma aje msikitini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama nataka kumtoa moto mmoja nimtie mwingine. Sikuwa na jibu. Hapo ndipo akaanza kunihadithia Masinde, ambaye babu yake alimfuata.

Masinde alizaliwa upande wa Kimilili, miaka ya mwanzo ya 1910. Wamishonari wa Kwekwa kutoka Marekani walikuwa wameshatua Kaimosi tangu 1902, na mafunzo yao yakaenea hadi kwa Wabukusu. Kijana akalelewa humo, akawa muumini wa kanisa. Ujanani alikuwa mchezaji mpira hodari, na mwaka 1930 aliichezea Kenya katika Kombe la Gossage.

Kisha akaoa mke wa pili. Kwetu sisi jambo hilo lina masharti yake, wala si ajabu. Kwa kanisa lile lilikuwa dhambi ya kumtoa mtu nje, na Masinde akatolewa. Tusilione dogo hilo. Wakati ule kanisa lilishika shule, kusoma, heshima na hata ajira. Juu ya hayo yote, mtu alifundishwa kwamba anayetoka humo amepotea, na mwisho wake ni motoni. Wengi katika hali yake walirudi, wakatubu hadharani na kumwacha yule mke.

Yeye hakurudi. Akashika mila za wazee wake, akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Hakumkana Mungu. Aliendelea kumwomba Wele, jina wanalomwita Mungu Wabukusu. Hata Biblia hakuitupa yote, maana wafuasi wake waliuita Mlima Elgon Sayoni. Alichokikataa ni kwamba mzungu ndiye mwenye ufunguo wa pepo na wa moto, na ndiye wa kuamua mababu wa Wabukusu wako wapi.

Serikali ya kikoloni haikumwacha. Mwaka 1945 alifungwa, kisha akapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, mpaka 1947. Alipotoka tu, mwaka ule ule akawaongoza maelfu ya watu hadi Chetambe, mahali Wabukusu walipouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, wakawakumbuka wafu wao kwa sadaka. Februari 1948 polisi walifyatua risasi kwa umati pale Malakisi na watu wakafa. Dini ikapigwa marufuku. Masinde akakamatwa, akahamishiwa Lamu, na baadaye Marsabit. Alikaa mbali na kwao zaidi ya mwongo mmoja.

Uhuru nao haukumpa raha. Mwaka 1968 dini yake ilipigwa marufuku tena, safari hii na serikali ya Waafrika wenzake, na yeye akawa mtu wa kuingia na kutoka jela. Aliachiwa mwaka 1978, Moi aliposhika nchi.

Simsifu kwa kila kitu. Harakati zake zilikuwa na ghadhabu, na kuna makanisa na shule zilizochomwa. Na itikadi yake, kwetu Waislamu, ina mambo tusiyoweza kuyakubali. Lakini nazungumzia hofu. Mtu huyu alitishwa kwa moto wa akhera, kisha akaonyeshwa jela, hospitali ya wazimu na uhamisho wa hapa duniani. Hakuna hata kimoja kilichomrudisha.

Mwalimu mwenzangu alinieleza kilichomfaa katika kisa hiki. Alipokuwa mdogo alidhani kuacha kanisa ni kumwacha Mungu, na kwamba nje ya mlango ule hakuna kitu ila moto. Kwa babu yake na Masinde aliona watu waliotoka mlango ule na bado wakamkuta Mungu nje. Hofu yake haikuisha siku moja. Ila kila aliposhtuka usiku alijiuliza swali moja: nani aliyeniambia haya, na alitaka nini kwangu? Kufikia mwisho wa muhula alikuwa akilala hadi alfajiri, na adhana ndiyo iliyokuwa ikimwamsha.

Hakusilimu, na sikumzungumzia tena Jahannam.

Ndugu zangu, masheikh wametufundisha kwamba khofu na rajaa ni mbawa mbili za ndege. Ukimkata moja, haruki. Lakini nendeni madrasa zetu nyingi mkasikilize mtoto wa miaka sita anafunzwa nini kwanza. Ni nyoka wa kaburini, ni minyororo, ni usaha. Rehema ya Mola, ambayo kila sura ila moja huanza kwa kuitaja, inakuja baadaye, ikiwa muda umebaki.

Mtoto aliyeshikwa kwa hofu tupu atakaa maadamu anaogopa. Siku akiacha kuogopa ataondoka, na huenda asijue njia ya kurudi. Tuwafunze rehema kwanza.

Wabillahi tawfiq.