Edmond Hoyle, Mwalimu wa Karata

Hoyle alikuwa Mwingereza aliyefundisha whist, mzazi wa mchezo wa bridge, majumbani mwa matajiri wa London. Wachezaji ni wanne, wawili wawili. Sisi tuchezao karata hapa Mabira tunaijua taabu ya anayeanza: karata za mwenzake hajaziona. Mwaka 1742 Hoyle alipiga chapa kitabu, akaeleza: anza na aina uliyo na nguvu nayo, kopa au shupaza; ukishika mfalme, malkia na ghulamu, tupa mfalme. Hata akiliwa na ree, wale wawili watatawala. Kitabu kiliuzwa gini moja, ghali kweli! Wezi wakakinakili, naye akawa anatia sahihi nakala za halali kwa mkono wake. Alifariki mwaka 1769, amepita miaka 90.