KATIBU WA KWANZA: MAISHA YA KLEIST SYKES

Ndugu wahariri wa jarida letu wameniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani, ambaye maisha yake yanaweza kuwafaa wanafunzi waliopo shuleni na sisi tuliokwisha pita. Najua wengi mtatarajia mtawala, au mpiganaji, au padre mmojawapo wa misheni yetu ya Kibosho iliyoanzishwa mwaka 1893. Mimi nimemchagua karani wa reli. Sababu yangu naieleza kwanza, maana inanihusu mwenyewe.

Miaka kadhaa baada ya kumaliza masomo yetu hapa, sisi wa darasa letu tuliunda chama. Madhumuni yake makubwa yalikuwa kuinunulia vitabu maktaba ya shule. Mwenyekiti alichaguliwa, mweka hazina akachaguliwa, na mimi nikapewa ukatibu kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu na mwandiko wangu ulisomeka. Nikaandika kumbukumbu za mikutano mitatu katika karatasi zisizofungwa, na orodha ya waliotoa michango nikaitia katika bahasha. Nilipopata uhamisho wa kikazi, bahasha na karatasi hizo zilibaki katika nyumba niliyokuwa nimepanga, na sikuziona tena. Katika mkutano uliofuata, mwenzetu mmoja aliuliza nani ametoa na nani hajatoa. Hakuna aliyeweza kumjibu. Fedha zilikuwapo benki, lakini imani ilikwisha ondoka. Krismasi iliyofuata hatukufika hata watu kumi. Fedha tulizirudisha kwa kukisia, na maktaba haikupata kitabu hata kimoja. Mwenyekiti hakuwa na kosa, wala mweka hazina. Kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo nimekuwa nikipenda kusoma habari za makatibu, na ndivyo nilivyokutana na maisha ya Kleist Sykes.

Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa askari wa asili ya Kizulu, mmoja wa wale ambao Wajerumani waliwaleta kutoka Msumbiji kuja kupigana na Abushiri katika pwani yetu. Mtoto hakupata kumjua vizuri baba yake, kwa kuwa Mbuwane alikufa maji wakati wa kurudi kutoka katika vita vya kupigana na Mkwawa. Yatima huyu alilelewa Dar es Salaam na Effendi Plantan, askari mkubwa wa Kizulu aliyekuwa mwenzi wa marehemu baba yake. Alisomeshwa kusoma na kuandika, akajua Kijerumani, na akiwa bado kijana mdogo akaingia jeshini. Vita Kuu ya 1914 ilipozuka alikuwa upande wa Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, na vita vilipokwisha akajikuta katika nchi yenye mtawala mpya na lugha mpya ya ofisini.

Mtu mwingine angekata tamaa. Elimu yake yote ilikuwa ya serikali iliyoshindwa. Yeye alianza upya, akapata kazi ya ukarani katika reli, na huko akadumu miaka mingi. Napenda vijana wa leo waelewe karani Mwafrika wa siku hizo alikuwa nani. Alikuwa ndiye anayezijua karatasi zote za ofisi, lakini cheo chake hakikupanda, na mshahara wake haukulingana na wa Mzungu wala wa Mhindi. Alijua namna barua inavyoandikwa, inavyopewa namba na inavyotunzwa katika jalada. Ujuzi huo serikali iliutumia kwa manufaa yake. Kleist na wenzake walikuja kuutumia kwa manufaa ya Waafrika.

Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Dakta Aggrey, Mwafrika msomi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Alikuwa katika tume ya Phelps-Stokes iliyokuwa ikichunguza elimu ya Waafrika. Kleist, aliyekuwa na umri wa miaka 30 hivi, alipata nafasi ya kuzungumza naye, na mazungumzo hayo yalimwingia moyoni: Waafrika hawana budi kuungana, la sivyo hakuna atakayewasikiliza. Kleist hakutoka hapo akaita mkutano wa hadhara. Ilipita miaka mitano. Hatimaye mwaka 1929 yeye na wenzake wachache, wengi wao makarani na walimu, waliunda African Association. Rais wa kwanza alikuwa Mwalimu Cecil Matola. Katibu wa kwanza alikuwa Kleist Sykes. Matola alikuwa Mkristo na Kleist alikuwa Mwislamu. Mwenzao Mzee bin Sudi naye alikuwa Mwislamu. Hapakuwa na sharti la kabila wala la dini.

Hapa sisi wa mlimani tutakumbuka kwamba miaka minne kabla yake, yaani 1925, wazee wetu wa Kilimanjaro walikwisha anzisha chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA, chini ya Joseph Merinyo. Chama kile kiliwaunganisha watu kwa zao lao. Chama cha Dar es Salaam kilikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu wanachama wake hawakuwa na shamba moja, wala ukoo mmoja, wala lugha moja ya mama. Kitu kilichowaunganisha ni jina la chama na maandishi yake.

Na maandishi ndiyo kazi ya katibu. Wako wanaodhani katibu ni mtu wa kuandika yaliyosemwa na wakubwa. Sivyo hata kidogo. Rais huonekana siku ya mkutano; katibu hufanya kazi siku zote ambazo hakuna mkutano. Ndiye mwenye daftari la wanachama. Ndiye anayejua nani amelipa ada na stakabadhi yake iko wapi. Ndiye anayeiandikia serikali kwa lugha ambayo karani wa upande wa pili hawezi kuitupa, na serikali ikijibu baada ya miezi sita, ndiye mwenye nakala ya barua ya kwanza. Tena katibu anaposoma kumbukumbu za mkutano uliopita, anawazuia watu kuanza upya ugomvi uliokwisha amuliwa. Chama kisichokuwa na kumbukumbu hurudia mkutano ule ule kila mwaka.

Mwaka 1933 chama kilikuwa na nyumba yake, iliyojengwa kwa michango na nguvu za wanachama, katika barabara iliyoitwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Mwaka huo huo Kleist alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, jumuiya iliyofungua shule kwa ajili ya watoto wa Kiislamu. Wakati huo hakuacha kazi yake ya reli. Baadaye alipoacha kazi ya kuajiriwa akageukia biashara.

Sitaki kumpamba mno. Chama alichokitumikia hakikuenda kwa mwendo mmoja. Katikati ya miaka ya 1930 kilizorota pale Dar es Salaam, na palikuwa na mivutano baina ya wakubwa wake. Lakini hakikufa. Makarani na walimu walipohamishwa mikoani walikibeba, na matawi yakaota mbali na makao makuu. Mwaka 1948 kilichukua jina la Tanganyika African Association, yaani TAA. Kleist alifariki tarehe 23 Mei 1949, kabla ya kuona matunda yake. Mwanawe, Abdulwahid, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1924 alipokuja Aggrey, alishika ukatibu wa TAA kama baba yake, kisha akakaimu urais, mpaka Mwalimu Nyerere alipochaguliwa kuwa rais mwaka 1953.

Tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ile ile ya New Street, wajumbe 17 walikutana wakaigeuza TAA kuwa TANU. Mmoja wa wajumbe hao alikuwa Joseph Kimalando, aliyetoka huku kwetu Moshi. Kila ninapopita Mtaa wa Lumumba humfikiria mzee huyo. Alisafiri safari yote ile hadi pwani, akakuta nyumba imekwisha simama, chama kina jina, kina matawi na kina desturi ya mikutano. Hakuna siku moja iliyoleta mambo hayo. Yaliletwa na miaka 25 ya watu waliokubali kuandika, kukusanya ada na kutunza karatasi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Tunayajuaje haya yote? Ni kwa sababu Kleist, kabla hajafariki, aliandika habari za maisha yake mwenyewe. Familia yake iliyahifadhi maandishi hayo. Mjukuu wake alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyatumia kuandika maisha ya babu yake, na kazi hiyo ikatolewa mwaka 1973 katika kitabu cha Modern Tanzanians, kilichohaririwa na John Iliffe. Kitabu kikaingia maktaba, na mimi nikakikuta huko. Basi mnyororo ni huu: katibu aliandika, nyumba yake ikatunza, chuo kikachapisha, maktaba ikaweka rafuni. Pete moja ingekatika, mtu huyu tungemjua kwa jina la mtaa tu. Bahasha yangu mimi ilikatika katika pete ya kwanza.

Kwa hiyo katika mkutano wetu wa Desemba hii, wakati kila mtu amerudi nyumbani mlimani kula sikukuu na wazee, nitaleta mapendekezo matatu. Kwanza, chama chetu kifufuliwe, na kumbukumbu zake ziandikwe katika daftari lililofungwa, si katika karatasi wala katika simu ya mtu. Pili, nakala ya kila kumbukumbu na ya kila orodha ya michango iwekwe katika maktaba ya shule, ambamo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuifungua na kuona baba yake aliahidi nini na alitoa nini. Tatu, vitabu tulivyoahidi zamani vinunuliwe, na cha kwanza kiwe hicho chenye maisha ya Kleist Sykes, kikipatikana.

Nanyi wanafunzi, mtakapochagua viongozi wa klabu zenu za mdahalo, za kilimo au za maktaba, msimpe ukatibu yule aliyekosa uenyekiti ili kumtuliza. Mpeni mtu anayekumbuka, anayefika mapema na asiyependa kuonekana. Na ukipewa wewe, usione umepewa kazi ndogo. Andika tarehe, andika waliohudhuria, andika lililokubaliwa na nani atalifanya. Weka nakala.

Mimi sitagombea ukatibu safari hii. Nitaomba kazi ya kulibeba daftari kutoka mkutanoni hadi maktaba, na kusaini kwamba nimelifikisha.