Hill, mtaalamu wa pumzi aliyekubali kushindwa

Timu ya Dar ikipanda Sokoine pale Mbeya au Samora pale Iringa ikafungwa, maneno ni yaleyale: hewa nyepesi, wachezaji wamekata pumzi. Watani hucheka, wanasema ni visingizio. Lakini jambo lenyewe lipo, tena linapimika, na mmoja wa waliotufungulia njia ya kulipima ni Mwingereza Archibald Vivian Hill.

Hill alizaliwa Bristol mwaka 1886. Baba aliondoka nyumbani yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama. Cambridge alisoma hesabu, kisha akahamia elimu ya mwili, na mwaka 1909 akaanza kupima joto linalotoka kwenye misuli ya chura. Kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, akagawana na Mjerumani Otto Meyerhof.

Jamaa hakuishia kwa chura. Alikuwa mkimbiaji, basi akajipima mwenyewe. Yeye na wenzake walikimbia wakiwa na mfuko mgongoni wa kukusanya hewa wanayotoa. Wakaona kwamba kadiri unavyoongeza mwendo, mwili unadai oksijeni zaidi, mpaka unafika kwenye dari lake. Ukilazimisha kupita hapo, unaishi kwa mkopo: lakteti inajaa kwenye damu, na deni unalilipa ukipumzika, unahema.

Mwaka 1930 Lundsgaard wa Denmark akaonyesha kuwa msuli unaweza kujikunja bila kutengeneza asidi ya laktiki kabisa. Nadharia ya mshindi wa Nobel ikatikisika. Hill hakununa. Mwaka 1932 aliandika waziwazi kwamba mapinduzi yametokea, akaendelea na kazi. Kuanzia 1933 alisaidia wanasayansi waliokimbia utawala wa Hitler. Alifariki mwaka 1977.

Leo kipimo ni chepesi, hata kwa anayetembea tu. Mtu anatembea, mwendo unaongezwa kila baada ya dakika chache, kidole kinachomwa, tone la damu linasomwa. Ukiwa umekaa, lakteti huwa karibu milimoli 1 kwa lita. Mwendo wa kawaida wa mazoezi huiacha chini ya 2 hivi. Ikifika 4, kwa watu wengi huo si mwendo wa kudumu nao.

Sasa toka Ipogolo, panda kwa miguu hadi Iringa mjini. Mwendo uleule uliokuwa mwepesi kwenye tambarare ya Dar hapa unakupandishia lakteti mapema, maana kuna mlima, na juu ya mita 1,500 kila pumzi ina oksijeni pungufu. Huna kifaa? Zungumza ukitembea. Sentensi zikianza kukatika, punguza.

Kwa hiyo kocha anayeleta vijana Mbeya asubuhi ya mechi na kuwaamuru wakimbize mpira dakika zote 90 asilaumu uwanja. Hill mwenyewe, vipimo vilipomkataa, alibadili mawazo.