Fyodor Dostoevsky na Swali la Kwa Nini: Funzo kwa Mwalimu wa Kusoma

Wako walimu wanaoziona hadithi za uhalifu kuwa ni vitabu vya kupotezea wakati, visivyostahili kuvuka mlango wa chuo cha ualimu. Hata hivyo, tukivitazama vitabu ambavyo watu husoma kwa hiari yao, bila kusukumwa na mtihani, tutaona kuwa hadithi za namna hiyo ni miongoni mwa zile zinazochakaa upesi kwa kupita katika mikono ya wengi. Mwalimu anayetaka mtoto apende kusoma hawezi kulipuuza jambo hili. Hana budi kujiuliza ni kitu gani kinachomshika msomaji hata akasahau kulala.

Hadithi hizi zaweza kugawanywa katika aina mbili kubwa. Katika aina ya kwanza mtenda kosa amefichwa, na msomaji hufuatana na mpelelezi hatua kwa hatua mpaka mkosaji afichuliwe. Wasomaji wa Kiswahili waliizoea aina hii kwa Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja katika kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotolewa mwaka 1960. Katika aina ya pili mtenda kosa hujulikana mapema, na kinachopelelezwa ni nafsi yake: kwa nini alitenda, na moyo wake utakuwaje baada ya kutenda. Mtu aliyeikuza aina hii ya pili kupita wengi waliomtangulia ni mwandishi wa Urusi, Fyodor Dostoevsky. Maisha yake yanafaa kuchunguzwa na kila mwanachuo atakayefundisha kusoma.

Utoto na elimu

Dostoevsky alizaliwa mjini Moscow mwaka 1821. Baba yake alikuwa daktari katika hospitali ya maskini, na familia iliishi katika nyumba za hospitali hiyo. Hivyo tangu utotoni macho yake yalizoea kuwaona wagonjwa na wanyonge. Jioni ndefu za baridi wazazi waliwasomea watoto wao vitabu kwa sauti. Miongoni mwa vitabu hivyo zilikuwamo riwaya za kutisha za Mwingereza Ann Radcliffe, na mtoto Fyodor, ambaye bado hakujua kusoma, alizisikiliza kwa hofu na shauku hata akaweweseka usingizini. Basi taharuki ilimwingia kwa masikio kabla ya macho, kwa sauti ya mtu mzima aliyekuwa akimsomea.

Mwaka 1837 mama yake alifariki, na Fyodor pamoja na kaka yake Mikhail wakapelekwa St. Petersburg. Huko Fyodor aliingia chuo cha uhandisi wa kijeshi, ingawa moyo wake ulikuwa katika vitabu. Baba yao alifariki mwaka 1839. Mwaka 1844 Fyodor aliacha kazi ya jeshi ili aishi kwa kalamu, na riwaya yake ya kwanza, iliyohusu watu maskini wa mjini, ilipotoka mwaka 1846 ilimpa sifa ya ghafla.

Hukumu na kifungo

Katika miaka hiyo alijiunga na kikundi cha vijana waliokutana nyumbani kwa mtu aitwaye Petrashevsky, wakasoma maandishi yaliyopigwa marufuku na kuzungumzia kukomeshwa kwa utumwa wa wakulima. Serikali ya Mfalme Nicholas wa Kwanza iliwakamata mwezi wa Aprili 1849. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo walitolewa kwenye uwanja wa wazi, wakasomewa hukumu ya kifo, na watatu wa kwanza wakafungwa kwenye nguzo mbele ya bunduki. Dostoevsky alikuwa katika kundi lililofuata. Wakati huo wa mwisho ndipo lilipotangazwa agizo la mfalme la kupunguza adhabu. Maonyesho yale yote yalikuwa yamepangwa makusudi, na mmoja wa wafungwa wale alirukwa na akili. Dostoevsky alikuwa amejua jinsi fikra za mtu zinavyokwenda anapoamini kuwa amebakiwa na dakika chache tu za kuishi.

Alipelekwa Siberia, katika gereza la Omsk, akakaa huko miaka minne, kuanzia 1850 hadi 1854, akifanya kazi ngumu huku miguu yake imetiwa pingu. Alilala katika bweni moja na wezi na wauaji. Kitabu alichoruhusiwa kuwa nacho kilikuwa Agano Jipya, alilopewa njiani na wake za wafungwa wa kisiasa wa zamani. Kwa kuwa hakuwa na vitabu vingine, aliwasoma watu. Aliona kuwa wako wauaji waliosimulia makosa yao bila kutikisika, na wako wengine walioteswa na dhamiri kupita mateso yote ya gereza. Aliona pia kuwa sheria huwapa adhabu moja watu wawili ambao ndani yao hawafanani hata kidogo.

Mambo hayo aliyaandika katika kitabu chake juu ya maisha ya gerezani, kilichochapishwa kati ya 1860 na 1862. Ndani yake imo sehemu ambayo mwalimu hataisahau. Msimulizi, ambaye naye ni mfungwa, anamfundisha kusoma kijana mmoja Mwislamu kutoka Dagestan. Hawana kitabu cha kiada, wala ubao, wala chaki. Wanalo Agano Jipya peke yake, na kijana anajifunza kwa sababu mtu mmoja amemthamini.

Chanzo cha riwaya yake kuu

Baada ya kifungo alilazimika kutumika kama askari huko Semipalatinsk, na hakuruhusiwa kurudi St. Petersburg mpaka mwishoni mwa mwaka 1859. Mwaka 1861 yeye na Mikhail walianzisha jarida. Humo walichapisha habari za kesi mashuhuri za jinai za Ufaransa, pamoja na tafsiri za hadithi za Mmarekani Edgar Allan Poe, ikiwamo ile ya mwaka 1843 ambayo muuaji mwenyewe ndiye anayesimulia na kujiumbua. Dostoevsky aliziandikia tafsiri hizo utangulizi. Twaona basi kwamba mambo yaliyowavuta wasomaji wa kawaida magazetini hakuyadharau, bali aliyachukua na kuyachimba.

Mwaka 1864 ulimletea misiba miwili, kwani mkewe alifariki na kaka yake akafuata. Dostoevsky alibaki na madeni mengi, naye alikuwa na kifafa na uraibu wa kamari. Mwaka 1865 alitia sahihi mkataba mgumu na mchapishaji mmoja: iwapo hangetoa riwaya mpya ifikapo tarehe 1 Novemba 1866, mchapishaji angekuwa na haki ya kuchapisha kazi zake kwa miaka tisa bila kumlipa. Mwaka huo huo, akiwa Wiesbaden, Ujerumani, alipoteza fedha zake zote katika kamari. Katika dhiki hiyo ndipo alipoanza kuandika habari za mwanafunzi fukara anayemwua mwanamke mkopeshaji wa rehani.

Kwanza alimfanya muuaji ajisimulie mwenyewe. Mwezi wa Novemba 1865 aliyachoma moto maandishi hayo akaanza upya, safari hii akitumia msimulizi wa nje anayemfuata muuaji karibu sana na kuona karibu yote kwa macho yake. Riwaya hiyo, iitwayo kwa Kiswahili Uhalifu na Adhabu, ilitoka kwa mafungu katika jarida moja la Moscow mwaka 1866. Huku akiwa bado anaiandika, siku ya mwisho ya mkataba wake ilikaribia. Mwezi wa Oktoba alimwajiri Anna Snitkina, kijana stadi wa hatimkato, akamsomea riwaya fupi juu ya kamari, nayo ikakamilika kwa muda wa siku ishirini na sita. Mwaka 1867 walioana, na Anna akawa msimamizi wa kazi zake mpaka mwisho.

Siri ya mvuto wake

Katika Uhalifu na Adhabu mauaji yanatokea katika sehemu ya kwanza, na kitabu kina sehemu sita na hitimisho. Jina la muuaji, Raskolnikov, halifichwi hata kidogo. Ni nini basi kinachomfanya msomaji aendelee?

Jibu limo katika tukio moja. Raskolnikov amekwisha kuua, naye yu ndani ya nyumba. Watu wawili wanafika mlangoni, wanavuta kengele, wanautikisa mlango. Muuaji amesimama upande wa ndani, shoka mkononi, komeo likitikisika mbele ya macho yake. Wakati huo msomaji hushtuka kujiona anaombea muuaji asikamatwe. Mwandishi amemweka nyuma ya mlango pamoja naye. Kesho yake Raskolnikov anaitwa kituo cha polisi. Kumbe aliitiwa deni la nyumba tu, lakini anaposikia mauaji yakizungumzwa, anazimia. Hakuna aliyemfukuza, naye anakimbia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hata hakimu mpelelezi, Porfiry Petrovich, hategemei alama za nyayo wala damu. Anamsikiliza Raskolnikov, anazungumza naye, anamwacha na fikra zake, kisha anamshauri ajitokeze mwenyewe. Hapo taharuki haitokani na kutojua yaliyotokea. Inatokana na kutojua mtu atachagua nini. Msomaji anavutwa na hofu ya kuona kuwa nafsi ya muuaji si nchi ya kigeni kwake. Njia hiyo ilifuatwa na waandishi wengi baadaye, mmoja wao akiwa Mmarekani Patricia Highsmith, aliyembuni mhalifu Ripley mwaka 1955.

Dostoevsky alirudia swali la hatia katika Ndugu Karamazov, iliyotoka mwaka 1879 na 1880, kisha akafariki mapema mwaka 1881 mjini St. Petersburg. Umati mkubwa wa watu ulimsindikiza kaburini.

Matumizi darasani

Uhalifu na Adhabu ni kitabu cha mwalimu, wala si cha mtoto wa darasa la nne. Lakini njia yake yaweza kutumika kwa kisa kidogo kinacholingana na umri wa watoto. Tuseme mvulana amevunja mtungi wa bibi yake na kuvificha vigae nyuma ya nyumba. Mwalimu asiwafiche watoto aliyevunja, awaambie mwanzoni. Kisha asome kwa sauti mpaka bibi anapoingia na kuomba maji, na hapo asimame. Aulize: Kwa nini mvulana hakusema mara moja? Anasikia nini moyoni bibi anapotafuta mtungi? Wewe ungefanya nini, na kwa sababu gani? Baada ya watoto kutoa mawazo yao, wasome wenyewe sehemu iliyobaki ili waone kama walikisia sawa.

Maswali ya nani, wapi na lini yana nafasi yake, kwani humpima mtoto kama amefuata maneno. Lakini mtoto aweza kuyajibu kwa kunakili sentensi kitabuni bila kuelewa lolote. Swali la kwa nini humlazimu kuunganisha mambo, kupima tabia ya mhusika na kurudi kitabuni kutafuta ushahidi wa jibu lake.

Swali hilo lina kazi nyingine nje ya kipindi cha kusoma. Siku kalamu ya mtoto itakapoibwa darasani, mwalimu atatakiwa kuchunguza. Aliyezoea kuuliza nani tu atampata mwizi, atamwadhibu, na kesho kalamu nyingine itapotea. Aliyezoea kuuliza kwa nini huenda akagundua njaa, wivu, au mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna wa kumnunulia kalamu. Adhabu yaweza kubaki kuwa ya lazima, lakini itatolewa na mtu anayemjua anayemwadhibu. Inafaa kila mwanachuo aanze mazoezi haya sasa, kwa kuchagua kisa kimoja kifupi na kukiandikia maswali matatu ya kwa nini kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha.