Maisha ya Franz Boas, Aliyepima Vichwa vya Wahamiaji

Franz Boas alizaliwa tarehe 9 Julai, 1858, katika mji wa Minden, Ujerumani, katika jamaa ya Kiyahudi. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Kiel, na mwaka 1881 akapata shahada ya udaktari kwa kuchunguza rangi ya maji. Miaka miwili baadaye alisafiri mpaka Kisiwa cha Baffin, kaskazini kabisa mwa Kanada, akakaa na Wainuit mpaka mwaka 1884. Alikwenda kuchora ramani. Alirudi akitaka zaidi kujua habari za wanadamu. Mwaka 1887 alihamia Marekani, na tangu mwaka 1899 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Siku hizo watu wa Ulaya walikuwa wakimiminika Marekani. Mwaka 1907 peke yake waliingia zaidi ya watu 1,200,000. Zamani wengi walitoka Uingereza, Ireland na Ujerumani. Sasa walikuja Waitalia, Wapoland na Wayahudi wa Urusi. Wenyeji wakanung'unika, ingawa babu zao nao walishuka kutoka merikebuni. Wataalamu wengine walidai kwamba wageni hawa ni watu wa mbegu duni wasioweza kuwa Wamarekani kamili. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa umbo la kichwa, ambalo waliamini kuwa halibadiliki kamwe kutoka kwa baba hata kwa mwana.

Mwaka huo huo Bunge la Marekani liliunda tume ya kuchunguza uhamiaji, chini ya Seneta Dillingham. Boas akaiomba tume imwezeshe kuyapima maneno hayo. Kuanzia mwaka 1908 mpaka 1910, yeye na wasaidizi wake walipima karibu watu 18,000 katika New York, wazazi pamoja na watoto wao. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Walichukua upana wa kichwa, wakaugawanya kwa urefu wake toka paji la uso mpaka kisogoni, wakazidisha kwa 100. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kufanya hesabu hiyo. Kisha wakalinganisha watoto waliozaliwa Ulaya na ndugu zao waliozaliwa Marekani.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Vichwa vya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, vilivyokuwa vya mviringo, vilirefuka kidogo kwa watoto waliozaliwa Marekani. Vya Waitalia wa Sicilia, vilivyokuwa virefu, vilifupika. Basi hata kichwa hufuata mahali mtu alipolelewa, na kipimo kilichotumiwa kuwadharau wageni kilikuwa sasa kimewatetea.

Je, tume ilisikia? Ilichapa habari za Boas pamoja na vitabu vyake vingine, jumla 41, kisha mwaka 1911 ikashauri wageni wapunguzwe. Mwaka 1924 ikatungwa sheria kali. Kila taifa la Ulaya lilipewa asilimia 2 ya watu wake waliohesabiwa Marekani mwaka 1890. Kwa nini hesabu ya zamani namna hiyo, na hali hesabu za 1910 na 1920 zilikuwapo? Kwa sababu mwaka 1890 Waitalia na Wayahudi wengi walikuwa hawajafika. Nafasi za Waitalia zilishuka kutoka zaidi ya 42,000 kwa mwaka mpaka 3,845.

Boas hakuwa malaika. Alipokuwa kijana alifukua mifupa katika makaburi ya wenyeji wa asili wa pwani ya magharibi ya Kanada, akaiuza kwa majumba ya makumbusho. Lakini katika jambo la wahamiaji hakuyumba. Wanazi waliposhika Ujerumani mwaka 1933 vitabu vyake vilichomwa moto, naye, akiwa mzee, akaendelea kuandika na kuhutubia dhidi yao. Alifariki tarehe 21 Desemba, 1942, mezani, katika karamu ya mchana chuoni Columbia, alipokuwa akizungumza na wageni wake.

Mwaka 1928 alikuwa amechapa vipimo vyote, mtu mmoja mmoja, kurasa zaidi ya 500 za tarakimu tupu, ili yeyote amkague. Mwaka 2002 wataalamu wawili walivipiga hesabu upya kwa kompyuta, wakasema mabadiliko yale yalikuwa madogo mno. Mwaka uliofuata wengine watatu walitumia tarakimu zile zile, wakaona kwamba kwa jumla mzee alisema kweli.