Hattie McDaniel (1893–1952): Msanii na Nafasi Aliyopewa

Utangulizi

Usiku wa tarehe 29 Februari 1940, katika ukumbi wa Cocoanut Grove wa hoteli ya Ambassador jijini Los Angeles, mwanamke mweusi wa umri wa miaka arubaini na sita aliinuka kutoka meza ndogo iliyowekwa kando ya ukumbi, akaelekea jukwaani, akapokea tuzo ya Oscar. Waigizaji wenzake wa filamu ile ile walikuwa wameketi pamoja kwenye meza nyingine. Hoteli hiyo haikuwa na desturi ya kuwapokea watu weusi, na mtayarishaji wa filamu, David O. Selznick, alilazimika kumwombea ruhusa maalumu ili aingie. Mwanamke huyo alikuwa Hattie McDaniel. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kutuzwa Oscar, na alituzwa kwa kuigiza mtumwa.

Sisi tunaosoma fasihi tumezoea kumtenga mhusika na mtunzi wake. Hata hivyo, tunapomtazama mwigizaji, mara nyingi tunasahau kanuni hiyo na kumhukumu kana kwamba yeye ndiye mhusika anayemwigiza. McDaniel alihukumiwa hivyo akiwa hai, na bado anahukumiwa. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa nia ya kujibu swali moja: je, msanii apimwe kwa nafasi aliyopewa, au kwa kile alichokifanya ndani ya nafasi hiyo na nje yake?

Malezi na chimbuko la sanaa yake

Hattie McDaniel alizaliwa tarehe 10 Juni 1893 mjini Wichita, katika jimbo la Kansas. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto kumi na watatu, ambao baadhi yao walifariki wangali wachanga. Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani. Baba yake, Henry, alipigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani akiwa katika kikosi cha wanajeshi weusi. Alitoka vitani na majeraha yaliyomsumbua maisha yake yote, na ilimbidi aiandikie serikali kwa miaka mingi kabla ya kupewa pensheni. Mama yake, Susan, alikuwa mwimbaji wa nyimbo za kanisani na alifanya kazi katika nyumba za watu. Kwa hivyo, kabla Hattie hajaigiza mtumwa au mtumishi, alikuwa amelelewa na watu walioishi maisha hayo.

Familia ilihamia jimbo la Colorado, hatimaye ikatua jijini Denver. Huko Hattie alisoma pamoja na watoto wa Kizungu, na mwaka 1910 alishinda nishani ya dhahabu katika mashindano ya kughani mashairi yaliyoandaliwa na chama cha wanawake waliopinga ulevi. Baadaye aliacha shule ili ajiunge na kikundi cha maonyesho cha kaka zake.

Maonyesho hayo yalikuwa ya aina iliyoitwa minstreli. Yalianzishwa na Wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuwakejeli watu weusi kwa nyimbo, ngoma na lafudhi ya kubuni. Watu weusi nao walikuja kuunda vikundi vyao, kwa kuwa huo ndio mlango wa pekee uliokuwa wazi kwa wengi wao waliotaka kuishi kwa sanaa. Baadhi yao waliutumia mtindo huo kuwacheka wale waliouanzisha. McDaniel aliingia kwa mlango huo na hapo ndipo alipojifunza kutumia uso, sauti na mwili wake mnene kumfanya mtazamaji acheke, kisha ajiulize kinachomchekesha.

Katika miaka ya 1920 aliimba na bendi ya George Morrison, akasikika redioni mjini Denver, na kurekodi nyimbo za bluzi, baadhi yake akizitunga mwenyewe. Soko la hisa lilipoporomoka mwaka 1929, kazi za wasanii ziliyeyuka. McDaniel alijikuta karibu na jiji la Milwaukee akiwahudumia wanawake msalani katika klabu moja ya usiku. Ilichukua muda kabla mwenye klabu kumpa nafasi ya kupanda jukwaani na kuimba.

Safari ya Hollywood

Mwaka 1931 aliwafuata ndugu zake Los Angeles. Kaka yake Sam alikuwa akishiriki katika kipindi cha redio, akamwingiza humo. Malipo yalikuwa haba, kwa hivyo aliendelea kufanya kazi ya utumishi wa nyumbani. Kuanzia mwaka 1932 alianza kupata nafasi ndogo ndogo katika filamu, na katika nyingi kati ya hizo jina lake halikuorodheshwa. Mchana aliigiza mtumishi mbele ya kamera, na kazi ilipokosekana alirudi kuwa mtumishi wa kweli.

Jina lake lilianza kujulikana kupitia filamu ya *Judge Priest* (1934) iliyoongozwa na John Ford, ambamo aliimba pamoja na Will Rogers. Mwaka 1935 alionekana katika *The Little Colonel* na *Alice Adams*. Filamu hii ya pili inafaa kuangaliwa kwa makini. Familia moja ya Kizungu yenye uwezo mdogo inataka kujifanya tajiri mbele ya mgeni, basi inamwajiri mtumishi kwa ajili ya chakula cha usiku mmoja. McDaniel anamwigiza mtumishi huyo. Anavuta miguu, anatafuna, anawatazama waajiri wake kwa macho mazito yasiyo na heshima wala matusi. Maneno yake ni machache, lakini mtazamaji anaing'amua mara moja kejeli iliyomo: anayejua ukweli wote wa nyumba ile ni yule anayebeba sahani. Mwaka 1936 aliigiza katika *Show Boat* akiwa na mwimbaji mashuhuri Paul Robeson.

Jambo la kuzingatia hapa, hasa kwa wanaisimu, ni lugha. Wahusika wake walitakiwa kuzungumza kwa lafudhi iliyodhaniwa kuwa ya watu weusi wa Kusini. McDaniel hakukulia Kusini. Lafudhi hiyo haikuwa yake, na ilimbidi ajifunze kile ambacho Hollywood iliamini kwamba amezaliwa nacho.

Mammy: mhusika asiye na jina

Riwaya ya Margaret Mitchell, *Gone with the Wind*, ilichapishwa mwaka 1936, na filamu yake ikatoka Desemba 1939. Kazi hii inausawiri utumwa wa Kusini mwa Marekani kama enzi ya raha iliyoharibiwa na vita. Magazeti ya Wamarekani Weusi pamoja na shirika la NAACP lililotetea haki zao walilalamika tangu filamu ilipokuwa ikitayarishwa, na Selznick alikubali kuliondoa katika mswada tusi kuu la kibaguzi. Msimamo wa jumla wa hadithi haukubadilika.

McDaniel alipewa nafasi ya Mammy, yaya aliyemlea Scarlett O'Hara. Mhakiki ataona upesi kwamba Mammy si jina bali ni cheo. Mhusika huyu hana jina lake mwenyewe, hana mume, hana mtoto wala kwao. Maisha yake yote ni ya familia inayommiliki. Huo ndio udhaifu mkubwa wa usawiri wake, na hakuna uigizaji unaoweza kuufuta.

Hata hivyo, ndani ya nafasi hiyo finyu McDaniel alitia uzito ambao mwandishi hakuuweka. Mammy wake anakemea, anakataa, anawapima watu na kuwaona walivyo. Katika tukio linalokumbukwa zaidi, anapanda ngazi pamoja na Melanie akimsimulia jinsi kifo cha mtoto kilivyowavunja wazazi wake. Anapanda polepole, anazungumza huku analia, na kwa dakika chache filamu nzima inabebwa na mwanamke ambaye hadithi haikujishughulisha kumpa jina.

Filamu ilipozinduliwa Atlanta tarehe 15 Desemba 1939, sheria za ubaguzi za jimbo la Georgia zilimzuia kuhudhuria pamoja na wenzake. Miezi miwili baadaye alitangazwa Mwigizaji Msaidizi Bora wa Kike, akimshinda, miongoni mwa wengine, Olivia de Havilland aliyeigiza Melanie. Katika hotuba yake fupi alieleza tumaini lake la kuwa fahari kwa watu wake na kwa tasnia ya filamu. Alichokabidhiwa kilikuwa kibao, kwa kuwa wakati huo waigizaji wasaidizi hawakupewa sanamu.

Lawama na utetezi

Baada ya ushindi huo mtu angetarajia nafasi bora zaidi. Haikuwa hivyo. Studio ziliendelea kumpa aproni. Mwaka 1942 Walter White, kiongozi wa NAACP, alikutana na wakuu wa Hollywood akiwataka wakome kuwaonyesha watu weusi kama watumishi na vikaragosi tu. Lawama ziliwaangukia pia waigizaji walioigiza nafasi hizo, na McDaniel, aliyekuwa maarufu kuliko wote, ndiye aliyechomwa zaidi. Inasimuliwa kwamba utetezi wake ulikuwa wa hesabu: afadhali kulipwa mamia ya dola kwa wiki kwa kuigiza mtumishi kuliko kulipwa dola chache kwa kuwa mtumishi.

Mgala muue na haki yake umpe. White alikuwa na hoja nzito: picha inayorudiwa mara elfu hugeuka kuwa imani, na imani hiyo iliwaumiza mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kulipwa hata senti na Hollywood. McDaniel naye alikuwa na hoja: waliomlaumu hawakuwa na nafasi nyingine ya kumpa. Waliokuwa nayo ni wenye studio, na hao ndio waliolaumiwa kwa sauti ya chini.

Nyumba ya Sugar Hill

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ushindi mkubwa zaidi wa McDaniel haukupatikana ukumbini bali mahakamani. Mapema katika miaka ya 1940 alinunua nyumba kubwa katika mtaa wa West Adams Heights jijini Los Angeles, uliojulikana kama Sugar Hill. Watu weusi wengine wenye uwezo, wakiwemo waigizaji Louise Beavers na Ethel Waters, walikuwa na makazi huko. Hati za viwanja zilikuwa na masharti yaliyozuia mtu asiye Mzungu kumiliki nyumba, na baadhi ya majirani Wazungu wakafungua kesi ili wafukuzwe.

McDaniel hakuhama. Alishirikiana na majirani zake kuandaa utetezi, na wakili mweusi Loren Miller akawawakilisha. Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke alilitupilia mbali dai la Wazungu hao, akitegemea Rekebisho la 14 la Katiba ya Marekani linalohakikisha usawa mbele ya sheria. Miaka mitatu baadaye, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Shelley na Kraemer, ambayo Miller pia alishiriki kuitetea, kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya aina hiyo. Mwanamke aliyejulikana duniani kwa kutumikia jikoni mwa wengine alikuwa amesaidia kulinda haki ya mtu mweusi ya kuwa na jiko lake.

Miaka ya mwisho

Novemba 1947 alianza kuigiza mhusika mkuu wa kipindi cha redio cha *Beulah*. Hata huyu alikuwa mtumishi, na kabla yake alikuwa ameigizwa na wanaume wa Kizungu. McDaniel alikubali kazi hiyo kwa kukataa kutumia ile lafudhi ya kejeli. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza kipindi chake mwenyewe katika redio ya taifa ya Marekani. Alipoanza kurekodi toleo la televisheni afya yake ilidhoofika, na Louise Beavers akaichukua nafasi hiyo.

Alikuwa ameolewa mara nne na hakujaliwa mtoto. Alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 26 Oktoba 1952. Aliacha wasia kwamba azikwe katika makaburi ya Hollywood, lakini makaburi hayo hayakuwazika watu weusi, akazikwa Rosedale. Tuzo yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, ambako ilipotea na haijapatikana. Mwaka 1999 mnara wa kumbukumbu uliwekwa katika makaburi yaliyomkataa, na Oktoba 2023 Akademia ya Filamu ikakipa chuo hicho tuzo mbadala.

Hitimisho

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. McDaniel aliinama, na maisha yake yanaithibitisha methali hiyo. Methali yenyewe, hata hivyo, haituambii ni nani aliyekiweka kitu hicho mvunguni. Mhakiki anayemlaumu aliyeinama bila kumuuliza aliyekificha amefanya nusu ya kazi yake.

Ilipita miaka hamsini na mmoja kabla ya mwanamke mwingine mweusi, Whoopi Goldberg, kupata Oscar ya uigizaji mwaka 1991. Machi 2014 ikawa zamu ya Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, katika kitengo kile kile cha McDaniel na, kama yeye, kwa kuigiza mtumwa. Lakini filamu ya *12 Years a Slave* ilitokana na masimulizi ya Solomon Northup, mtu mweusi aliyeuonja utumwa huo mwenyewe, na iliongozwa na Steve McQueen, ambaye pia ni mweusi. Mtumwa aliyeigizwa na Nyong'o ana maumivu yake, ana matamanio yake, na ana jina: Patsey. Kipaji kilikuwapo tangu mwaka 1940. Kilichochukua miaka sabini na minne ni kubadilika kwa msimulizi.